Nakala 4,000: kisa cha kampuni ndogo ya katuni Kisumu

Toleo la kwanza tuliuza nakala 500. La pili, 880. La tatu, 1,230. Baada ya hapo tukafunga.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu kila nikikutana na mtu aliyekuwa akitusoma, iwe sokoni Kibuye au ndani ya matatu ya Kondele, pole anayonipa huja na maneno yaleyale: mlijaribu, lakini Wakenya hawapendi kusoma. Mimi ndiye niliyeshika daftari la kampuni tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na daftari linakataa maneno hayo. Wasomaji waliongezeka kila tulipotoa kitabu. Nimeamua kukieleza kisa chote, tarakimu zake na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa najua wapo vijana Kisumu, Kakamega na Nakuru wanaochora usiku huu, na mwezi ujao watasimama mbele ya mpiga chapa wakiwa na swali lilelile tulilokuwa nalo sisi: tuchape ngapi?

Tulikuwa watatu. Fundi alichora. Kazi yake ya kila siku ilikuwa mabango ya vinyozi na hoteli, na maandishi ya ubavuni mwa matatu. Katuni alijifunza kwa kunakili vitabu vya Pichadithi, vile alivyotoa Terry Hirst miaka ya 1980, alivyovikuta kwenye sanduku la mjomba wake. Hirst ndiye huyohuyo aliyeanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno jijini Nairobi mwaka 1973, jarida lililodumu hadi 1979. Kwa hiyo Fundi hakuwa amebuni ndoto mpya. Alikuwa anashika kamba iliyoachwa na waliomtangulia. Mwalimu aliandika. Alikuwa akifundisha Kiswahili katika shule ya upili nje kidogo ya mji. Mimi nilikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na Oginga Odinga Street, na walinifuata kwa sababu moja tu: nilijua bei ya karatasi.

Mhusika wetu alikuwa binti muuza omena wa ufuo wa Dunga, ambaye kivuli chake kilikuwa na nguvu kuliko mwili wake. Aliyekulia Nyanza hahitaji kuelezwa kilikotoka kivuli hicho. Luanda Magere, shujaa wa Kano, mwili wake ulikuwa kama jiwe na mkuki haukuingia, mpaka mke aliyepewa kutoka kwa maadui wa Kano alipogundua kwamba uhai wake ulikaa kivulini. Fundi aliigeuza ngano hiyo. Alisema kila mtu anajua jinsi kivuli kilivyomuua Magere. Yeye alitaka kivuli kinachomwokoa mtu. Siku aliponionyesha ukurasa wa kwanza, binti ameinama kupepeta omena jua la saa nane, kivuli chake kimesimama wima nyuma yake, nilijua nitatoa pesa zangu.

Lugha tuliibishania wiki nzima. Kidholuo kingetufungia Busia na Kakamega. Kiingereza watoto walikuwa wamekichoka darasani. Sheng ya Nairobi ilikuwa imeshashikwa na Shujaaz, katuni ambayo tangu 2010 ilikuwa ikigawiwa bure ndani ya gazeti la Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa. Mwalimu akashikilia Kiswahili, lakini Kiswahili cha Kisumu chenye "omera" na "dhi" za Kidholuo ndani yake, Kiswahili cha kondakta anayeita abiria wa Luanda na Mbale. Bado naamini hilo lilikuwa jambo bora kuliko yote tuliyoyaamua.

Hapa niweke kando sababu nyingine ambayo watu hunitajia: kwamba katuni za bure ziliharibu soko. Sikuona dalili hiyo. Mtoto aliyezoea Shujaaz alijua kusoma kisanduku baada ya kisanduku, alijua kiputo kipi kinatangulia. Watu wazima ndio waliokuwa wakishika kitabu chetu na kuuliza, "Hiki kinaanzia wapi?"

Matoleo mawili ya kwanza

Toleo la kwanza lilitoka Machi 2016. Kurasa 24 nyeusi na nyeupe, jalada la rangi, pini mbili mgongoni, bei shilingi 100. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne, kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa katikati huzaa kurasa nne. Mwalimu aliandika hadithi ya kurasa 26 na Fundi akalazimika kukata mbili alizozipenda sana. Tulichapa nakala 500 kwa shilingi 55 kila moja, jumla 27,500, kwenye mashine ya ofseti River Road, Nairobi, na maboksi yakaja kwa basi la usiku.

Tuliuza kwa mikono. Jumapili Kibuye, jioni kwenye milango ya shule, asubuhi stendi ya mabasi. Nakala 310 tuliziuza wenyewe kwa bei kamili na 190 tuliwapa wauza magazeti kwa 75, wao wakabaki na 25. Zilikuja shilingi 45,250. Ukitoa chapa na usafiri wa 2,800, zilibaki 14,950. Wiki saba, boksi tupu. Nyalenda tulimkuta mvulana wa darasa la sita aliyekuwa akikodisha nakala yake kwa shilingi tano kwa kila anayesoma. Mwalimu alitaka kumkemea. Fundi alimpa nakala ya pili bure, akasema huyo ndiye mtangazaji wetu.

Toleo la pili, Septemba mwaka huohuo, tulichapa 1,000 kwa shilingi 41 kila moja. Kila mmoja wetu aliongeza 5,000, na mpiga chapa akatukopesha 11,050 zilizobaki. Kwa mara ya kwanza tulipeleka nakala 300 kwenye maduka ya vitabu, kwa mali kauli: chukua, uza, kisha ulipe 70 kwa kila nakala iliyouzwa. Maduka yalilipia 180. Sisi tuliuza 450, wauza magazeti 250. Zikaja 76,350. Tulilipa deni, tukarudishiana michango yetu, tukampa Fundi 12,000, na baada ya nauli na gharama nyingine, Januari 2017 kampuni ilikuwa na 33,000 taslimu. Hakuna aliyetuambia Wakenya hawasomi wakati huo.

Toleo la tatu

Februari 2017 Mwalimu alichukua likizo ya siku sita, akazunguka na nakala za mfano. Kisumu, Maseno, Luanda, Mbale, Kakamega, Busia, Siaya, Bondo, Homa Bay, Kisii, Kericho. Alirudi na daftari la maagizo kutoka maduka 31. Jumla: nakala 2,900.

Nakumbuka jioni ile vizuri, chumbani kwa Fundi, Manyatta. Nilizidisha 2,900 kwa 70, nikapata 203,000. Tarakimu hiyo niliiandika juu ya ukurasa mpya kwa wino mwekundu, chini ya kichwa "Mauzo". Maagizo niliyaita mauzo. Hakuna aliyenisahihisha, na mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Siku iliyofuata nilimpigia mpiga chapa. Nakala 1,500 ni shilingi 36 kila moja. Nakala 4,000 ni 29. Bei hushuka kwa sababu gharama kubwa ya ofseti iko mwanzoni, kutengeneza pleti, yaani bamba za kuchapia, na kupanga mashine, na gharama hiyo haibadiliki uchape mia tano au elfu tano. Mashine ikishaanza kuzunguka, kinachoongezeka ni karatasi, wino na mikono ya kukunja. Sisi tuliliangalia lile 29 tukaona tumepata faida kabla ya kuuza chochote. Kwa maagizo ya 2,900 na 1,100 za kuuza wenyewe, 4,000 ilionekana kama namba iliyojileta yenyewe.

Bili ilikuwa 116,000. Ndani yake 16,000 zilikuwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwani tangu sheria ya mwaka 2013 vitabu navyo vilikuwa vikitozwa asilimia 16. Kampuni kubwa iliyosajiliwa kwa VAT hurudishiwa kodi iliyolipa kwa mpiga chapa. Sisi tulikuwa mbali mno na mauzo ya milioni tano kwa mwaka yaliyokuwa yakimlazimu mtu kusajiliwa, kwa hiyo tuliimeza yote. Tulikuwa na 33,000. Mimi na Mwalimu tulikopa 60,000 kwenye chama cha akiba na mikopo, kila mmoja akamdhamini mwenzake. Zilizosalia, 23,000, zikawa deni la mpiga chapa.

Kitabu kilitoka Mei 2017, na kilikuwa kizuri kuliko vile viwili. Nasema hivyo bila kupepesa macho. Kuna kurasa mbili zinazotazamana ambapo kivuli cha binti kinatandaa juu ya ziwa lote usiku wa wavuvi na taa zao, na hakuna neno hata moja. Watu wazima walikuwa wakifika hapo wananyamaza.

Kisha Agosti ikaja. Uchaguzi wa tarehe 8, Mahakama ya Juu kufuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba, marudio ya tarehe 26 Oktoba ambayo Kisumu, Siaya na Homa Bay hayakufanyika. Anayejua Kondele na Manyatta miezi ile ya maandamano hahitaji nieleze kwa nini hatukusimama barabarani na boksi la vitabu. Ingekuwa rahisi kuulaumu uchaguzi na kufunga mjadala. Lakini tazama daftari: hata katika mwaka ule, sisi wenyewe tuliuza 380, wauza magazeti 240, maduka yakalipia 610. Nakala 1,230. Tuliuza kuliko wakati wowote.

Pesa zilizokuja ni 98,700. Tulilipa 23,000 za mpiga chapa. Kupeleka vitabu kwenye maduka 31 na kurudi kudai kulimeza 26,400, nauli na boda boda na vifurushi. Zikabaki 49,300, na mkopo ni 60,000 kabla ya riba. Fundi hakupata hata shilingi kwa kurasa 24 zilizomchukua miezi minne. Chumbani zilikaa nakala 480. Madukani, 2,290.

Hapo ndipo niligawa kwa njia ambayo nilipaswa kugawa tangu mwanzo. Badala ya kugawa gharama ya chapa kwa nakala zilizochapwa, niligawa kwa nakala zilizouzwa. Toleo la kwanza: 55. La pili: karibu 47. La tatu, lile la bei rahisi, lile la 29: shilingi 94. Kila nakala tuliyoiuza kwa 70 dukani ilikuwa imetugharimu 94.

Maduka 31

Nilirudia orodha ya maduka, duka baada ya duka. Tisa kati yao, yaliyo mjini Kisumu na kando ya barabara ya Busia hadi Luanda, yalikuwa yameagiza nakala 900 na kulipia 470. Mengine 22 yaliagiza 2,000 na kulipia 140. Tisa yale ndiyo niliyoweza kuyafikia kwa matatu na kurudi siku hiyohiyo. Nilipita kila wiki mbili. Nilikuwa nikifika nakuta kitabu kimefunikwa na madaftari ya mazoezi, nakitoa, nakiweka mbele, nanunua soda, nasalimia. Homa Bay na Kericho nilifika mara moja tu.

Sasa, kwa nini duka la mbali liagize nakala 100 za kitabu ambacho mwenye duka hajakifungua? Kwa sababu halikumgharimu kitu. Mali kauli ni desturi njema, imewalea wafanyabiashara wengi pwani na bara, lakini hustawi pale mwenye mali anapopita mara kwa mara, au pale aliyechukua ana jina la kulinda kwako. Mtu asiye na chochote cha kupoteza akikuambia "niletee mia", amekupa heshima. Hajakupa habari yoyote kuhusu wasomaji wake.

Hili lilinieleweka vizuri zaidi niliposoma historia ya Mirage Studios, kampuni ndogo ya Marekani ambayo Fundi alikuwa akiitaja daima kama mfano wetu. Kevin Eastman na Peter Laird waliianzisha Dover, New Hampshire, wakaiita Mirage, yaani mazigazi, kwa sababu studio yenyewe haikuwepo. Ilikuwa sebule yao. Mei 1984 walitoa toleo la kwanza la Teenage Mutant Ninja Turtles, katuni ya kobe wapiganaji, kurasa 40, nyeusi na nyeupe, dola 1.50, kwa pesa zao na mkopo wa mjomba wa Eastman. Walichapa takriban nakala 3,000, zikaisha, na wakachapa 6,000 nyingine baada ya muda mfupi. Fundi alikuwa akisema, "Wao walianza na elfu tatu, sisi tunaogopa elfu nne?"

Kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekijua ni jinsi vitabu vile vilivyouzwa. Tangu miaka ya 1970, kwa mpango ulioanzishwa na Phil Seuling, maduka ya katuni ya Marekani yalikuwa yananunua moja kwa moja bila haki ya kurudisha. Duka lilipata punguzo kubwa zaidi, lakini kilichobaki rafuni kilikuwa hasara ya duka. Kwa hiyo agizo la nakala 50 lilikuwa mauzo ya nakala 50, na mwenye duka alifikiri mara mbili kabla ya kulitoa. Namba ya maagizo ilibeba ukweli ndani yake kwa kuwa aliyeitoa alilipa. Hata hivyo, hata wao walijikwaa: baada ya kobe wale kupata umaarufu, maduka yalijaza katuni nyeusi na nyeupe za kila aina mwaka 1986 yakidhani kila moja itapanda thamani, na 1987 soko likaporomoka, likayaangusha maduka na wasambazaji. Mzigo ni uleule wa vitabu visivyo na msomaji. Kule ulimwangukia mwenye duka, kwetu ulimwangukia mchoraji.

Je, tungeweza kuchapa ngapi? Nimeifanya hesabu hii mara nyingi. Nakala 1,500 kwa 36 ni 54,000. Tulikuwa na 33,000, kwa hiyo deni la 21,000 tu kwa mpiga chapa, bila mkopo wowote. Tukabaki na maduka tisa yale, wauza magazeti na mikono yetu, tungeuza 1,090 na kupata 88,900. Ukitoa deni na nauli ya kama 8,000, zingebaki karibu 60,000. Fundi angelipwa na toleo la nne lingechapwa. Ni katika mwaka uleule wa uchaguzi, kwa kitabu kilekile.

Nakala 2,290 zilizokuwa madukani hazikuwa zimepotea bado. Zilipotea Januari 2018. Tangu elimu ya msingi bila malipo ya 2003, shule zilikuwa zikinunua vitabu vya kiada kwenye maduka kwa pesa za serikali, na fedha hizo ndizo zilizoyaweka hai maduka ya vitabu ya miji midogo. Kuanzia mwaka 2018 serikali ikataka wachapishaji wapeleke vitabu moja kwa moja shuleni. Sibishani na nia yake. Watoto wengi walipata vitabu ambavyo hawakuwa navyo. Lakini duka la Mbale au Bondo lilibaki na kalamu, madaftari na kadi. Nilipozunguka Aprili kukusanya mali yetu, nilikuta milango minne imefungwa, mitatu imegeuka kuwa maduka ya simu na nguo, na waliokuwepo waliniambia kwa upole kwamba nakala ziko mahali fulani nyuma. Nilirudi na 310. Nyingi zilikuwa na alama za maji.

Maneno matatu daftarini

Mpaka hapo kampuni ilikuwa na deni, lakini haikuwa imekufa. Mwezi Februari ule wa 2018, shirika moja la afya lilitaka kumtumia binti wetu wa Dunga kwenye vijitabu vya usafi wa maji kwa shule za msingi. Walitaja 150,000. Deni lote lingekwisha na zaidi ya nusu ingebaki. Walitaka jambo moja tu, karatasi inayoonyesha ni nani mwenye haki ya kutia saini.

Karatasi haikuwepo. Jina la biashara tulilisajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa majina mawili, langu na la Mwalimu, kwa sababu siku ile kitambulisho cha Fundi kilikuwa kimepotea na tulisema tutamwongeza. Hatukumwongeza. Mwalimu alisema kwa nia njema kwamba kampuni ndiyo yenye haki, kwa hiyo sisi wawili tutie saini. Fundi akaomba aone daftari.

Nililifungua mimi mwenyewe. Alipofika toleo la pili alisimamisha kidole kwenye zile 12,000. Nilikuwa nimeandika "malipo ya uchoraji".

"Dada," aliniambia, "malipo ya uchoraji ni ya kinyozi. Hapa mimi nilikuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetumia maneno yaliyonijia kwanza, kama keshia anavyofanya. Lakini maneno yale hayakumuumiza moyo tu, yalikuwa na uzito kisheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inaweka hakimiliki kwanza kwa mtunzi. Kisha inasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, au imefanywa na mwajiriwa katika ajira yake, haki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza au aliyeajiri, isipokuwa wamepatana vinginevyo. Kwa hiyo swali lilikuwa: Fundi alikuwa mwenzetu aliyebuni, au fundi tuliyemwagiza? Kila kitu tulichowahi kusema kwa mdomo kilisema mwenzetu. Kitu pekee kilichoandikwa, majina mawili kwenye eCitizen na maneno matatu kwenye daftari langu, kilisema fundi wa kuagizwa. Ngano ya Luanda Magere ni ya wote, hakuna wa kuidai. Binti yule, uso wake, kanga yake, namna kivuli chake kinavyoshika kiuno, hayo yalitoka kwenye mkono wa mtu mmoja, naye alikuwa ameketi mbele yangu.

Mwalimu naye alikuwa na haki yake. Maneno yote ya binti, ukaidi wake, mama yake mgonjwa, hayo ni yake. Waligombana, si kwa kelele. Walinyamaziana wiki tatu, jambo baya zaidi. Shirika lilisubiri hadi mwisho wa Machi kisha likatafuta mchoraji mwingine. Siwalaumu.

Watu wa Mirage nao walikuja kuwa na njia tofauti, lakini umiliki wao ulikuwa kwenye maandishi. Eastman alipotaka kutoka, Laird alinunua sehemu yake, na Oktoba 2009 kampuni ya Viacom ikawanunua kobe wale kwa takriban dola milioni 60. Mapema zaidi, mwaka 1988, wao na wachoraji wenzao walikutana Northampton, Massachusetts, wakaandika hati ya haki za watunzi wa katuni. Ukisoma historia yao unaona walikuwa wakirudi kwenye swali hili tena na tena wakiwa na afya na pesa. Sisi tulilikuta siku tuliyokuwa tunahitaji jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Tulifunga Juni 2018. Mimi na Mwalimu tulimaliza mkopo Machi 2019, kidogo kidogo kutoka kwenye mishahara. Mwaka huo huo nilimtembelea Fundi kwenye kibanda chake Kondele nikiwa na daftari na kalamu. Nilikata yale maneno matatu, nikaandika juu yake "mgao wa mwenzetu", nikatia saini na tarehe. Mwalimu alikuja jumamosi iliyofuata. Tuliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: sura na michoro ya binti ni ya Fundi, hadithi na maneno ni ya Mwalimu, hakuna atakayeuza bila mwenzake, pesa zikija zinagawanywa nusu kwa nusu baada ya kumlipa mshika daftari sehemu yake ya kumi. Tulitia saini watatu, jirani muuza vipuri akawa shahidi.

Nakala zilizobaki bado naziuza Kibuye, tano au sita kwa Jumapili, kwa bei ileile ya 100. Toleo la nne lina kurasa 16 zilizokamilika kati ya 24. Ziko kwa Fundi, ndani ya bahasha ya plastiki, juu ya kabati mahali ambapo mvua haifiki.